Nchi Iliyofua Moshi

Kabla ya kusikiliza, funga dirisha. Umefunga? Haya.

Palikuwa na nchi moja, na mpaka leo ipo, yenye hewa safi kuliko nchi zote chini ya jua. Jambo hili halina ubishi kwa sababu limeandikwa kwenye sheria. Kifungu cha kwanza cha Sheria ya Hewa kinasema: "Hewa ya nchi hii ni safi." Kifungu cha pili kinasema: "Mwenye shaka asome kifungu cha kwanza." Kifungu cha tatu hakipo, maana wabunge waliona yamekwisha wakaenda kula.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Hewa, jengo la ghorofa tisa, madirisha yake hayafunguki hata kwa nyundo. Ndani, kila ghorofa ilikuwa na mitambo mitatu ya kuchuja hewa, inanguruma usiku na mchana. Raia mmoja aliwahi kuuliza: kama hewa ni safi, kinachochujwa ni nini? Akajibiwa kwa upole kwamba mitambo ile iliwekwa ili pumzi za watumishi zisitoke nje zikachafua hewa ya wananchi. Wananchi walishukuru sana. Yule raia naye alishukuru, baada ya kufundishwa namna ya kushukuru.

Sasa, chini ya kilima kimoja palikuwa na mtaa unaitwa Tanurini. Juu yake kilikaa Kiwanda cha Neema, kinachoyeyusha vyuma chakavu kwa kuchoma matairi mabovu. Kile kilichotoka kwenye bomba la kiwanda hakikuitwa moshi. Moshi ulikuwa umepigwa marufuku na kifungu cha kwanza. Kiliitwa wingu la ajira, na watoto wa shule walifundishwa kulichora kwa kalamu ya bluu.

Hapo Tanurini ndipo alipoishi Mama Sikitu, mwanamke wa darasa la saba, mke wa Makwaya mbeba vyuma wa kiwandani, na mama wa Sikitu, msichana wa miaka sita ambaye kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi.

*

Tuanze na kitambaa, maana bila kitambaa hutaelewa kitu.

Zamani Wizara ilinunua mashine ya kupimia hewa kutoka ng'ambo. Ilizinduliwa kwa ngoma na pilau. Mheshimiwa Waziri, Dakta Bangulilo, alibonyeza kitufe mwenyewe, na mshale wa mashine ukaruka mpaka kwenye nyekundu na kukataa kushuka. Siku hiyohiyo mashine ilistaafishwa kwa utovu wa nidhamu. Dakta Bangulilo akakaa, akafikiri, akaja na kipimo cha kizalendo.

Kila nyumba ikapewa kitambaa cheupe, cha ukubwa wa foronya, chenye muhuri wa Wizara kwenye pembe. Kitundike mlangoni tarehe mosi. Mwisho wa mwezi mjumbe atakuja kukikusanya, na Afisa Hewa atakilinganisha na kadi ya rangi. Kadi yenyewe ilikuwa na rangi tatu: nyeupe, nyeupe sana, na nyeupe ya kupigiwa mfano.

Hebu sasa niambie wewe mwanamke mwenzangu unayesoma hapa. Mwezi mzima kitambaa kinaning'inia mlangoni kwako, kimekuwa kama kilichofutiwa sufuria. Kesho mjumbe anakuja, mwanamume mtu mzima, akishike mkononi, akipeleke ofisini, kisomwe jina lako mbele ya watu: "Hiki ni cha mama fulani." Utakiacha hivyo?

Hukiachi. Na Tanurini nzima haikukiacha. Kila tarehe ya mwisho utawakuta wanawake uani, beseni hili la sabuni, lile la bluu ya kung'arishia, ndimu zinakamuliwa, watu wanasugua mpaka vidole vinachubuka. Hakuna aliyewaamuru. Hilo ndilo jambo la ajabu katika nchi ile: serikali ilihitaji uongo mmoja tu, na haikulazimika hata kununua sabuni.

Na katika wafuaji wote, hakuna aliyemfikia Mama Sikitu. Huyo alikuwa anachemsha, anasugua, analaza kwenye majani jua liking'arishe, anapiga wanga. Kitambaa chake kilisimama chenyewe kama kadi ya mwaliko. Miaka mitatu mfululizo alipewa cheti kigumu cha karatasi nene, chenye ukingo wa dhahabu: MAMA WA HEWA, KATA YA TANURINI. Alikitundika sebuleni juu ya kabati la vyombo, na kila wiki alikifuta masizi.

*

Filimbi ya Sikitu ilianza ndogo, ikawa tarumbeta. Mtoto anakaa kitako kitandani, mabega yamepanda, mashimo ya shingo yanaingia ndani kila akivuta pumzi, na macho yanamtazama mama yake kana kwamba mama ndiye aliyekalia hewa. Mama Sikitu alikuwa mwoga wa kila kitu tangu utoto, wa radi, wa jongoo, wa wanaume wenye faili. Lakini hofu nyingine zote alizowahi kuzijua, zikikusanywa, zilikuwa ni chenga tu za hofu hii.

Akampeleka zahanati. Nesi akamsikiliza mtoto kifua, akachukua fomu. Fomu ilikuwa na orodha ya visababishi vilivyoruhusiwa vya kubanwa kifua, vinne tu.

"Nitie tiki wapi, mama? Kuna Barafu, kuna Kulialia, kuna Kurithi Upande wa Baba, na kuna Mengineyo."

"Tia Mengineyo."

"Mengineyo yamefutwa mwezi uliopita."

"Nesi, mwanangu anavuta moshi."

Nesi akainuka akafunga mlango. "Anavuta nini?"

"Wingu la ajira," alijirekebisha Mama Sikitu.

"Sikiliza," nesi alisema, huku akiandika Barafu kwa herufi kubwa. "Dawa hii ya kupuliza nakupa, lakini dawa inazima moto na wewe unaurudishia kuni. Mtoto analala kwenye uchafu. Ziba mianya ya madirisha, acha kupikia mkaa karibu na chumba chake, na tafuta namna ya kuchuja hewa ya chumba anacholala. Hata chumba kimoja tu. Mapafu yapate pa kupumzikia."

"Nitaichujaje hewa? Siyo tui, nesi!"

"Mimi sijasema kitu," alisema nesi akifungua mlango. "Nilikuwa nakohoa. Mwingine!"

*

Mama Sikitu alikuwa na kaka yake, Mbwiga, fundi wa malori. Akamfuata gereji, akamkuta ameingia nusu mwili kwenye injini ya lori la Wizara ya Hewa lenyewe.

"Kaka, hewa inachujwaje?"

Mbwiga akatoka, akamtazama dada yake kama anayeuliza ugali unaliwaje. Akachomoa ndani ya lori kitu cha mviringo, kikubwa kama ndoo isiyo na kitako, kuta zake zimekunjwakunjwa karatasi kama marinda ya sketi.

"Hivi. Hili ndilo chujio la hewa. Lori halivuti hewa mpaka ipite kwenye marinda haya, vumbi lote linabaki nje. Likikosa hili, injini inakohoa, halafu inakufa. Lori la serikali haliruhusiwi kutoka getini bila chujio. Ukilitoa hivyo wanakufunga."

Mama Sikitu alisimama pale na kanga yake kichwani.

"Yaani lori linalo."

"Linalo."

"Na Sikitu hana."

Mbwiga aliingia stoo, akatoka na chujio la lori lingine, jipya kwenye boksi lake, lililoagizwa la ukubwa usio sawa likakosa gari la kuingia. "Chukua. Weka feni yako ya mezani hapa juu, iangalie dari. Itavuta hewa kupitia kwenye marinda na kuitoa juu safi. Chini ziba kwa ubao. Pale feni inapokutana na chujio usiache upenyo hata wa sindano, la sivyo hewa itapita njia ya mkato kama mtu anayemjua karani."

Wakafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na gundi. Mama Sikitu, kwa kuwa ni mtu wa usafi, akaona marinda yale meupe yatachafuka haraka. Akatafuta kitambaa chepesi cha kuyavisha kwa nje, cha kufua na kurudisha. Ukubwa ulioenea vizuri ulikuwa mmoja tu katika nyumba nzima. Akakitoa mlangoni kile kitambaa cha Wizara, ambacho siku hiyo kilikuwa kimetoka kufuliwa, akakivisha chujio kama anavyomvika mtoto sare.

Akawasha. Feni ikavuma.

Usiku wa kwanza Sikitu aliamka mara mbili. Usiku wa pili mara moja. Usiku wa tatu aliyeamka ni Mama Sikitu, kwa hofu ya ule ukimya, akaweka sikio kifuani kwa mtoto: hakuna filimbi. Mtoto alikuwa anakoroma kama mtoto wa waziri.

*

Asubuhi akavua kitambaa ili akifue.

Kilikuwa cheusi. Siyo cheusi cha kuelekea kijivu. Cheusi cha masizi ya jikoni, kina mafuta kikiguswa, kinanuka tairi. Usiku tatu tu, ndani ya chumba chenye dirisha lililofungwa!

"Baba Sikitu! Njoo uone anachokula mwanao!"

Makwaya akaja na mswaki mdomoni. Akatazama. Akatema. "Kifue haraka kabla mtu hajaona."

"Hiki kilikuwa kinaingia kifuani mwake."

"Nimeelewa, mke wangu, lakini kina muhuri. Mimi nabeba vyuma pale juu. Wakisikia mke wa Makwaya ana kitambaa cheusi, jioni hiyohiyo nimerudishwa nyumbani."

Mama Sikitu akachukua beseni. Akatia maji, akashika sabuni, akakizamisha kitambaa hadi nusu, na ule muhuri wa Wizara ukabaki juu ya maji unamtazama. Mikono yake ilikuwa inajua kazi. Ilikuwa tayari imeanza kusugua pembe, yenyewe, kabla hajaiambia.

Hapo ndipo lilipompata. Miaka mitatu! Miaka mitatu Wizara ilipotaka kujua Tanurini wanavuta nini, ilimwuliza yeye, kwa kitambaa, mlangoni kwake. Na kila mwezi alijibu kwa sabuni na ndimu: tunavuta maua, waheshimiwa. Akatuzwa cheti. Akakitundika sebuleni. Na huku nyuma mtoto anapiga filimbi.

Akakitoa kitambaa majini. Kilichokuwa kimeshalowa akakikausha hivyohivyo bila kukisuuza. Akakirudisha mlangoni, cheusi, pembe moja ina doa la kijivu pale mikono ilipomponyoka.

*

Mwisho wa mwezi Mzee Kirobo, mjumbe, alifika na gunia lake la vitambaa. Alipofika mlangoni kwa Mama Sikitu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na kitambaa kikaendelea kuwa cheusi.

"Mama Sikitu, umefiwa?"

"Bado, mjumbe. Nazuia."

Mzee Kirobo akaenda mbio kumwita Afisa Hewa wa Kata, Bwana Kapilima. Huyo alikuja na kadi ya rangi tatu, akakilinganisha kitambaa na nyeupe, akakilinganisha na nyeupe sana, akaanza kutoka jasho. Kisha feni ikasikika kule ndani.

"Mama, hiki kinachovuma ni nini?"

"Chujio la hewa. La mtoto."

Bwana Kapilima akaingia, akalizunguka mara mbili akiwa ameshika mikono nyuma. "Kabla ya kuweka mtambo huu, uchafu huu ulikuwepo?"

"Ulikuwepo hewani."

"Uliuona?"

"Nilimsikia mtoto akiuvuta."

"Sikuulizi habari za masikio. Uliuona kwa macho?"

"Sikuuona."

"Baada ya kuwasha mtambo, uchafu umeonekana?"

"Umeonekana, si huu hapa."

Bwana Kapilima akageuka kwa Mzee Kirobo, uso umenawiri. "Umesikia mwenyewe, mjumbe. Bila mtambo, hakuna uchafu. Kukiwa na mtambo, uchafu upo. Huu ni mtambo wa kutengeneza masizi. Kiwanda bila leseni, tena chumbani, tena pembeni ya mtoto mgonjwa! Mama, huna huruma?"

Akaandika. Alipomaliza kuandika akakumbuka jambo, na kalamu ikamwanguka. Maana mwezi uliotangulia kitambaa cha Mama Sikitu kilikuwa kimepelekwa makao makuu, kikashinda nchi nzima. Dakta Bangulilo mwenyewe alikuwa anakuja Tanurini siku nane zijazo, kwenye Maadhimisho ya Kushusha Pumzi Kitaifa, kumtangaza Mama Sikitu kuwa Mama wa Hewa wa Taifa.

Afisa akaketi. Sauti ikageuka asali.

"Dada yangu. Sisi ni watu wa kuelewana. Fua kitambaa. Siku ile kiwe mlangoni kinang'aa, wewe uwe umevaa vizuri. Huu mtambo nitausajili kama pambo la nyumba. Unaruhusiwa kukaa nao, kuufuta vumbi, hata kuuwekea kitambaa cha kufuma. Ila usiuwashe."

"Na mtoto?"

"Mtoto naye akae. Hatujamkataza."

"Nisipofua?"

"Nitaubeba siku hiyohiyo ya maadhimisho, na mumeo nitamtafutia sababu." Akasimama. "Fikiri kama mama."

"Ndivyo ninavyofikiri," alisema Mama Sikitu.

*

Kwenye bomba la maji, wanawake waliteta kwa sauti ya kusikika, ambayo ndiyo sauti ya kuteta.

"Siku hizi bingwa kachoka," alisema Mama Tunu, jirani wa ukuta mmoja, akitua ndoo. "Kitambaa kama matambara ya gereji. Mimi mume wangu asingelala humo!"

"Cha kwako ni cheupe, Mama Tunu?" aliuliza Mama Sikitu.

"Kama maziwa."

"Kabla ya kufua?"

Mama Tunu akacheka. "Sasa nani anaonyesha nguo kabla ya kufua? Wewe nawe!"

"Mtoto wako wa pili alikohoa jana mpaka saa ngapi? Ukuta ni mmoja, nilisikia. Wizara inatuuliza tunavuta nini, na sisi tunafua jibu! Mimi ndiye niliyeanza kutia ndimu. Mimi ndiye niliyewafundisha wanga. Nawaambieni sasa, acheni. Mwezi huu msifue."

Maji yanamwagika kwenye ndoo iliyojaa na hakuna anayeiondoa.

"Mwanangu," alisema Bi Kizere, kikongwe aliyekuwa mama mkwe wa nusu ya mtaa, "mgongo huu umepinda kwa kufua masizi ya kiwanda kile. Nimemzika mume kwa kifua, wakaandika Barafu. Barafu! Mzee yule hajawahi kuona barafu maishani mwake." Akaitwaa ndoo yake. "Lakini aibu ni aibu. Nitakaaje mbele ya waziri na kitambaa kichafu?"

Wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeahidi kitu. Jioni hiyo Mama Sikitu alisikia kila ua linasugua, chwa, chwa, chwa, akaziba masikio akaenda kukaa karibu na feni.

*

Siku ya maadhimisho Kiwanda cha Neema kilitakiwa kipumzike, lakini mwenye kiwanda alisema wingu la ajira ndilo mapambo yenyewe ya sherehe, na hoja ikaeleweka. Uwanja ukajaa. Vitambaa vya mtaa mzima viliwekwa kwenye kamba moja ndefu mbele ya jukwaa, vyeupe vinauma macho, na katikati yake kimoja cheusi kama jino bovu, alichokitundika Mama Sikitu mwenyewe.

Makwaya ndiye aliyebeba mtambo kuuleta uwanjani, kwa amri ya kuukabidhi. Aliuweka chini taratibu kama anayetua jeneza. "Nimejaribu kuwakatalia," alimwambia mkewe.

"Umeubeba vizuri. Simama hapo."

Gari la Dakta Bangulilo likafika, vioo juu. Vilishuka tu alipohakikishiwa kwamba sherehe ni ya hewa. Akapanda jukwaani katika suti ya rangi ya maziwa, akaona kitambaa cheusi, akauliza kwa pembe ya mdomo: "Kile ni nini?"

"Ni... ni cha kulinganishia, Mheshimiwa," alisema Bwana Kapilima. "Ili weupe uonekane."

"Safi. Na lile dude lenye feni?"

Bwana Kapilima alimeza mate. "Feni ya heshima, Mheshimiwa. Zawadi ya mama mshindi."

Jua lilikuwa kali. Dakta Bangulilo alitoa leso yake nyeupe ya hariri, akajifuta shingo. "Basi mbona haijawashwa? Ileteni hapa miguuni pangu!"

Mama Sikitu alipanda jukwaani na Sikitu mkononi. Makwaya akachomeka waya kwenye jenereta la vipaza sauti. Mwoga huyu wa radi na jongoo na wanaume wenye faili akapiga goti mbele ya mwanamume mwenye faili kuliko wote.

"Mheshimiwa, nikopeshe leso yako niivishe hapa. Upepo utakujia na manukato yako mwenyewe."

"Mnaona!" Dakta Bangulilo aliwaambia watu. "Mama wa Hewa!" Akampa.

Mama Sikitu akaifunga kuzunguka chujio, akabana kwa pini, akawasha. Akamkalisha Sikitu pembeni ya feni, na Mheshimiwa akaanza kuhutubia.

Alihutubia vizuri. Alianza na historia ya pumzi tangu enzi za mababu. Alieleza tofauti ya hewa ya ndani na ya nje, ambayo ni ukuta. Alisema raia anayekohoa anapingana na wenzake. Alisema kuna maadui wanaofunga madirisha, na mtu anayefunga dirisha anamfungia nani, kama siyo serikali yake? Alishukuru wafadhili, akamshukuru mwenye kiwanda, akajishukuru. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Bwana Kapilima alikuwa anaitazama ile leso na rangi ya uso wake inaondoka kadiri rangi ya leso inavyokuja, lakini ni nani katika nchi ile angethubutu kumkatiza waziri? Saa ya tatu ikatimia.

"...Kwa hiyo, wananchi, nasema na nitarudia: hewa ya Tanurini ni nyeupe kama leso yangu!"

Akainama bila kutazama, akaivuta leso kwenye chujio, akajifuta uso kwa kishindo, paji, mashavu, mpaka kidevu.

Waziri wa Hewa alikuwa amesimama mbele yao akitabasamu, mweusi tii wa masizi, meno tu ndiyo yaliyobaki upande wa serikali.

Sikitu akacheka. Alicheka kicheko kirefu cha mtoto, kilipanda, kikazunguka, kikashuka hadi mwisho, na hakikukatika kwa kikohozi. Mama Tunu alisema baadaye kwamba hajawahi kukisikia kicheko kile chote. Kila siku walikuwa wanakisikia kipande.

Bi Kizere akainuka. Akaenda kwenye kamba akiwa ameegemea fimbo, akashika kitambaa chake cheupe, akakivua. Chini yake palikuwa na kingine. Alikuwa ametundika viwili: kilichofuliwa juu, cha kweli chini, ili aangalie kwanza upepo unaelekea wapi.

"Hiki ndicho changu," alisema. "Hicho cheupe mpelekeeni mume wangu."

Mama Tunu akachota vumbi la masizi kwenye ukingo wa jukwaa kwa kiganja, akalipaka kitambaa chake, akasema amekirudishia alichokinyang'anya. Wengine wakafuata. Ile kamba ilibadilika rangi watu wanatazama.

*

Serikali sikivu haichelewi. Kesho yake Wizara ilitoa tamko: kwa kuwa baadhi ya wanawake wamekuwa wavivu wa kufua, kuanzia sasa vitambaa vya kupimia hewa vitatolewa vyeusi tangu kiwandani. Kadi mpya ya rangi ilichapishwa: nyeusi, nyeusi kiasi, na nyeusi ya kupigiwa mfano. Walifaulu wote.

Lakini Tanurini walipokea vile vyeusi wakasafishia masufuria, na mlangoni wakatundika foronya zao wenyewe, nyeupe, hawazifui. Na gerejini kwa Mbwiga palikuwa na foleni ya wanawake wenye feni vichwani, wanauliza marinda ya lori gani yanaenea chumba cha watoto wanne. Makwaya alirudishwa nyumbani, kama alivyosema. Sasa anakata vibao vya kuzibia chini, na hajawahi kukosa kazi.

Bwana Kapilima alikuja kukamata mtambo. Alisimama katikati ya mtaa, akasikia kuvuma mlango huu, kuvuma mlango ule, mtaa mzima kama mzinga wa nyuki, na gari lake lilikuwa moja. Akaamua achukue kinachobebeka. Akabisha hodi kwa Mama Sikitu mchana, mtoto akiwa amelala.

"Nimeagizwa nichukue cheti," alisema, sauti ya chini. "Umevuliwa umama wa hewa."

Mama Sikitu akamwongoza sebuleni. Juu ya kabati la vyombo palikuwa na msumari mtupu na umbo safi la mstatili ukutani, kuzunguka kwake ukuta wa kijivu. Akamwongoza chumbani. Pale feni inapokutana na chujio, tyubu ilikuwa imelegea na hewa ilikuwa imeanza kupita njia ya mkato. Mama Sikitu mwenyewe alikuwa ametafuta karatasi ngumu ya kukata mviringo wa kuziba, na ngumu kuliko zote ilikuwa na ukingo wa dhahabu. Bado herufi zilisomeka, zimezunguka feni: MAMA WA HE.

Afisa Hewa akanyoosha mkono kukichomoa.

"Kiache," alisema Mama Sikitu. "Ndiyo kwanza kimeanza kufanya kazi. Ukikitaka, kaa hapo nje usubiri mtoto aamke. Na ukitoka funga mlango, unaingiza moshi."